Mipango miji inayozingatia jinsia: maana yake ni nini?

Mtazame mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, asubuhi. Saa kumi na mbili yuko njiani, mdogo kambeba mgongoni, mkubwa kamshika mkono. Anamfikisha mkubwa shuleni, anapitia zahanati maana leo ni siku ya kliniki ya mdogo, halafu anagombania daladala kwenda sokoni kununua bidhaa za genge lake. Jioni anarudi na ndoo ya nyanya, na mtoto yuleyule mgongoni. Safari nne au tano, fupifupi, zimetungwa kama shanga. Sasa tazama jinsi usafiri wa miji mingi ulivyopangwa: umemfikiria mtu atokaye nyumbani asubuhi kwenda kazini mjini kati, akarudi jioni. Safari mbili, njia moja, mikono mitupu.

Mipango miji inayozingatia jinsia inaanzia kwenye tofauti hiyo. Ni kupanga barabara, nyumba, vituo, masoko na bustani baada ya kuuliza: nani anapita hapa, saa ngapi, amebeba nini, na nani ameacha kupita kwa sababu anaogopa?

Neno lenyewe huwachanganya watu. Jinsi ni kuwa wa kike au wa kiume kimaumbile. Jinsia ni majukumu na nafasi ambazo jamii imewagawia wanawake na wanaume. Hakuna aliyezaliwa na ndoo kichwani. Ila maadamu kazi za kulea, kuchota maji na kuuguza bado zinawaangukia zaidi wanawake, mtaro ulioachwa wazi na kituo kisicho na taa vinawaumiza wao kwanza. Ukiufunika huo mtaro, mzee mwenye bakora naye kapona, na kijana wa kiti cha magurudumu kapata njia.

Mji unaotajwa sana katika jambo hili ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1991 mtaalamu wa mipango miji Eva Kail na mwenzake Jutta Kleedorfer waliandaa maonyesho ya picha kuhusu maisha ya kila siku ya wanawake mjini, chini ya swali: maeneo ya umma ni ya nani? Mwaka uliofuata halmashauri ya jiji ikaanzisha ofisi ya wanawake, Kail akiiongoza. Baadaye, mwaka 1999, wakazi wa wilaya mojawapo walipewa dodoso kuhusu safari zao. Wanaume wengi walimaliza kujaza ndani ya dakika 5. Wanawake waliendelea kuandika: shule, daktari, duka, kwa mama, kazini, shule tena. Mimi naona dodoso hilo linafundisha kuliko hotuba nyingi, kwa sababu mji ulikuwa na taarifa hizo siku zote, vinywani mwa watu ambao hawakuwa wameulizwa.

Kutokana na kazi ya ofisi hiyo ya wanawake vikajengwa vitu vya kushikika. Mradi wa Frauen-Werk-Stadt, uliokamilika mwaka 1997, una nyumba 357 zilizosanifiwa na wasanifu majengo wanawake. Kuna chekechea palepale, ngazi ni pana, pana mahali pa kuweka vigari vya watoto, na nyua zimekaa kiasi kwamba mzazi aliye jikoni anamwona mwanawe akicheza.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha bustani. Wataalamu wa jiji hilo waligundua, katika utafiti wa 1996 na 1997, kwamba wasichana wakishafika miaka 9 hivi wanapotea kwenye bustani za umma, huku wavulana wakibaki. Hakuna aliyewafukuza. Uwanja ulikuwa mmoja mkubwa, na kundi lililofika na mpira ndilo lililoumiliki. Wasichana walijikunja pembeni, kisha wakaacha kuja. Mwaka 1999 bustani ya Einsiedlerpark ikabadilishwa: vijia vikaongezwa, eneo kubwa likagawanywa kuwa vijisehemu, vikawekwa viwanja vya voliboli na mpira wa vinyoya (badminton). Wasichana wakarudi, na wavulana wakaendelea kucheza. Hapo hakukuhitajika sheria wala mlinzi.

Ndiyo maana nasikitika dhana hii inapofupishwa kuwa basi la wanawake peke yao. Basi hilo linaweza kumnusuru mtu leo, na silibezi, lakini akishuka gizani bado ana nusu kilomita ya kichochoro mbele yake.

Kwetu nako njia yake inajulikana. Manzese, Dar es Salaam, wanawake walishirikishwa katika ukaguzi wa usalama chini ya mpango wa Miji Salama ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukaguzi wa namna hiyo hauhitaji mitambo. Wanawake wa mtaa wanatembea pamoja na viongozi wao, wanasimama penye giza, penye ukuta unaoficha mtu, penye choo kilicho mbali na nyumba, na kila mmoja anaeleza anachokihofia pale. Ofisa mipango miji aliyezoea kupita na gari mchana husikia kwa mara ya kwanza kwamba kichochoro kilichonyooka vizuri kwenye ramani yake, wanawake hukizunguka kila jioni, hata kama kuzunguka kunaongeza robo saa na ndoo iko kichwani.