Je, Wajua Kwa Nini Jiji Lenye Data Tele Bado Halioni Mashimo Yake?

Mwaka 2012 jiji la Boston, Marekani, liliwaletea wakazi wake programu ya simu iliyoitwa Street Bump. Kazi yake ilikuwa kutafuta mashimo ya barabarani bila mtu kupiga simu wala kujaza fomu. Unaiwasha, unaweka simu kwenye dashibodi, unaendesha zako. Ndani ya simu kuna kihisi kinachopima mtikisiko, kilekile kinachogeuza picha unapoilaza simu ubavu. Gari likidunda, kihisi kinarekodi nguvu ya kishindo, GPS inarekodi mahali, na taarifa inafika kwenye seva za jiji hata kabla dereva hajamaliza kulaani barabara. Kwa jiji lililokuwa likiziba mashimo yapatayo 20,000 kwa mwaka, huo ulikuwa ukaguzi wa bure.

Tabu ni kwamba simu haijui shimo ni nini. Inajua kudunda tu. Tuta linadundisha gari, reli inayokatiza barabara inalidundisha, na maungio ya daraja vilevile. Hata mlango ukibamizwa kwa hasira simu inatikisika. Jiji likalazimika kutangaza shindano la zawadi ya dola 25,000 ili wajuzi wa hesabu watafute njia ya kutenganisha shimo na mitikisiko mingine. Na baada ya kuchuja, kikaibuka kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta: kilichowasumbua madereva zaidi ni mifuniko ya chemba iliyozama chini ya usawa wa lami. Mashimo yenyewe yalikuwa nyuma yake.

Hapo data zilifanya kazi nzuri. Sasa jiulize swali jingine: ili shimo la mtaani kwako lionekane kwenye ramani hiyo, unahitaji nini? Unahitaji gari. Unahitaji simu janja, intaneti ya kutosha, na hamu ya kupakua programu ya serikali ya jiji. Mwaka 2012 wazee wengi na watu wa kipato cha chini hawakuwa na simu za aina hiyo. Ramani ingejaa vitone kwenye mitaa ya wenye nacho, mafundi wangetumwa huko, na mitaa mingine ingeonekana kana kwamba lami yake ni kioo. Mtafiti Kate Crawford aliutumia mfano huu mwaka 2013 kuonya kuhusu upendeleo unaojificha ndani ya data kubwa, yaani data nyingi mno zinazochambuliwa kwa kompyuta. Wahusika wa Boston walikwisha kuliona hilo, ndiyo maana waliigawa programu kwanza kwa wakaguzi wa barabara wa jiji, watu ambao kazi yao inawapitisha kila mtaa.

Miji mingi inayojiita miji janja, yaani inayoendesha huduma zake kwa vihisi na data, inakwama hapohapo. Inapima mno, lakini haiulizi vya kutosha ni nani anayepimwa na nani anayerukwa.

Tuweke msingi kidogo. Mwaka 2001 mchambuzi Doug Laney alizieleza changamoto za data kwa mambo matatu ambayo bado yanatajwa kila mahali: wingi wake, kasi ya kuingia kwake, na namna zilivyo za aina nyingi. Jijini, data hizo zinatoka kwenye kadi za nauli, kamera za barabarani, mita za maji na umeme, vihisi vya hewa, simu za dharura, kumbukumbu za kodi, na simu zetu wenyewe. Kila moja peke yake ni ya kawaida. Nguvu yake inaonekana zinapounganishwa, na kuunganisha ndiko kunakowatoa watu jasho.

New York iligundua hilo kwa njia ngumu. Wakati wa umeya wa Michael Bloomberg, jiji lilikuwa likipokea malalamiko yapatayo 25,000 kwa mwaka kuhusu nyumba zilizokatwakatwa vyumba kinyume cha sheria. Wenye nyumba hugawa sehemu ya familia moja ili ilale watu hata mara kumi zaidi, waya za umeme zinazidiwa, na moto ukizuka wapangaji hawana pa kutokea. Wakaguzi walikuwa kama 200 tu. Ukaguzi ulipofanyika, ni asilimia 13 tu ya ziara zilizoishia kwa amri ya kuwahamisha watu kwa sababu ya hatari. 

Mike Flowers, aliyekuwa mwendesha mashtaka kabla ya kupewa kazi ya data jijini, alianza na orodha ya majengo yote, yapatayo 900,000, kisha akataka kuyaunganishia taarifa za idara 19. Nani anadaiwa kodi ya jengo? Wapi umeme unakatwa kila mara? Ambulansi zinaitwa wapi? Panya wanalalamikiwa wapi? Wazo lilikuwa rahisi, hadi walipofungua mafaili. Kila idara ilikuwa na namna yake ya kutaja jengo lilelile. Idara ya majengo ilikuwa na namba yake kwa kila jengo. Idara ya nyumba ilikuwa na namba nyingine kabisa. Watu wa kodi walitumia wilaya, kitalu na kiwanja. Polisi walitumia nukta za ramani. Zimamoto wao walihesabu ukaribu na visanduku vya barabarani vya kuitia msaada. Jengo moja, majina matano, na hakuna kompyuta inayoweza kukisia kwamba ni lilelile mpaka mtu akae chini alinganishe.

Watu wanaposimuliwa habari za miji janja huoneshwa ukumbi wenye skrini ukuta mzima. Kazi yenyewe ni hii ya kulinganisha anwani, na mara nyingi haina bajeti.

Flowers alifanya jambo jingine ambalo naona wengi wanaliruka: aliwafuata wakaguzi kazini. Mmoja wao alitazama jengo na kusema hilo halina shida. Alijuaje? Matofali ya nje yalikuwa mapya, na mwenye nyumba anayetengeneza ukuta wa nje kwa kawaida anajali na ndani. Wakarudi ofisini, wakaongeza vibali vya ujenzi wa matofali kwenye hesabu zao, na kweli, vilienda sambamba na hatari ndogo zaidi. Ulipokamilika mfumo wa kupanga malalamiko yepi yashughulikiwe kwanza, amri za kuhamisha watu zilipanda kutoka ile asilimia 13 hadi zaidi ya 70. Wakaguzi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni nyumba wanazoanza nazo.

Ukimya unaposomwa kama salama

Tatizo la Boston, la data kuwaruka watu wasio na simu, halikuishia Boston. Kimbunga Sandy kilipoipiga pwani ya mashariki ya Marekani, kati ya Oktoba 27 na Novemba 1, 2012, watu walituma zaidi ya tweets milioni 20 zilizokihusu. Ukizitazama hizo peke yake ungesema kitovu cha maafa kilikuwa Manhattan, maana huko ndiko zilikotoka kwa wingi. Lakini vipigo vikali viliangukia maeneo ya pwani ya New York kama Breezy Point, ambako zaidi ya nyumba mia moja ziliteketea kwa moto, na Rockaway na Coney Island. Umeme ulipokatika na simu kuzimika, maeneo hayo yalinyamaza. Anayesoma data bila tahadhari anaweza kuuchukua ukimya huo kama dalili ya usalama, akapeleka boti za uokoaji upande mwingine.

Kuna wakati pengo hili hujilisha lenyewe. Programu za kutabiri uhalifu husoma kumbukumbu za polisi. Kumbukumbu hizo zinaonesha mahali ambapo polisi walikwenda na kuandika, wala si kila mahali uhalifu ulipotokea. Mfumo ukisema mtaa fulani ni hatari, doria zinaongezwa, makosa mengi zaidi yanaandikwa, na mwezi ujao mfumo unajiona ulikuwa sahihi. Mji wa Santa Cruz, California, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kujaribu teknolojia hiyo mwaka 2011. Mwaka 2020 ukaipiga marufuku.

Teksi, namba sifuri na siri iliyovuja

Mwaka 2014, baada ya mwananchi kuomba taarifa kwa mujibu wa sheria, New York ilitoa kumbukumbu za safari za teksi za mwaka 2013: takriban safari milioni 173, kila moja na mahali ilipoanzia, ilipoishia, saa, nauli na hata bakshishi. Namba za leseni za teksi na za madereva zilikuwa zimefichwa kwa kupitishwa kwenye kanuni ya kihesabu iitwayo MD5, inayogeuza namba kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa nyuma. Ilionekana inatosha.

Kisha mtu mmoja akagundua kwamba dereva fulani alikuwa na safari nyingi kuliko binadamu awezavyo kuendesha. Mfuatano wake ulipochunguzwa, ukakutwa ni ule utokanao na namba sifuri. Yaani palikosekana namba, mashine ikaificha sifuri kwa uaminifu uleule. Mhandisi wa programu Vijay Pandurangan akaelewa maana yake. Namba za leseni za teksi hufuata mipangilio michache inayojulikana, kwa hiyo huna haja ya kurudi nyuma: unazipitisha namba zote zinazowezekana kwenye kanuni ileile, unapata kamusi nzima, unalinganisha. Haikuchukua hata siku moja. Mapato ya kila dereva na mizunguko yake ya mwaka mzima ikawa wazi kwa yeyote anayejua kutumia kompyuta. Baadaye mchambuzi mwingine alizioanisha data hizo na picha za watu mashuhuri wakipanda teksi, akapata walikokwenda na bakshishi waliyotoa.

Hata kama jiji lingefuta namba zote, nyayo zenyewe zinatosha kumtambulisha mtu. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha utafiti uliotumia data za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15. Nukta nne tu za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya visa. Mtu anayetoka nyumba ile alfajiri, akaingia ofisi ile saa mbili, akapita hospitali ile jioni, ni mmoja. Kwa hiyo kauli kwamba data hazina majina, hivyo zi salama, mimi huwa siipi uzito mkubwa.

Matumizi nayo hubadilika njiani. San Diego ilifunga taa za barabarani zaidi ya 3,000 zenye kamera na vihisi, na hoja iliyotolewa kwa madiwani mwaka 2016 ilikuwa kuokoa umeme na kupima msongamano. Miaka michache baadaye polisi walikuwa wakitumia picha zake kwenye upelelezi, wakazi wakaja juu, na mwaka 2020 meya akaagiza kamera zizimwe. Huko Toronto, Sidewalk Labs, kampuni dada ya Google, ilitangaza Oktoba 2017 mpango wa kujenga mtaa wa Quayside uliojaa vihisi. Mwaka mmoja baadaye mtaalamu wa faragha Ann Cavoukian alijiuzulu ushauri wa mradi huo, kwa kuwa alitaka utambulisho wa watu ufutwe palepale data zinapokusanywa, naye akaambiwa kampuni nyingine zitakazoshiriki haziwezi kulazimishwa kufanya hivyo. Mei 2020 mradi ukafutwa, kwa maelezo kwamba hali ya uchumi haitabiriki.

Usalama wa mitandao ungestahili makala yake. Itoshe kutaja Atlanta, Machi 2018: programu hasidi ilifunga mafaili ya jiji, wadukuzi wakadai bitcoin zenye thamani ya takriban dola 51,000, mahakama ikakwama, malipo ya bili za maji mtandaoni yakasimama, na polisi wakarudi kuandika ripoti kwa mkono. Jiji lilitumia mamilioni ya dola kujinasua. Kadiri huduma nyingi zinavyounganishwa, ndivyo kufuli moja likivunjwa milango mingi inafunguka.

Mfano ninaoupenda hauna mbwembwe. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilitaka kujua jambo moja: tukitoza magari yanayoingia katikati ya jiji, msongamano utapungua? Kamera za kusoma namba za magari ziliwekwa kuzunguka jiji, na tozo ikajaribiwa kuanzia Januari 3 hadi Julai 31, 2006. Magari yaliyovuka mpaka huo yalipungua kwa takriban moja ya tano. Jaribio likakatishwa kwa makusudi kama ilivyopangwa, na magari mengi yakarudi barabarani. Wakazi wakapiga kura ya maoni Septemba wakiwa wameonja hali zote mbili, na wengi wakaikubali. Manispaa kadhaa za jirani, ambako watu wengi huingia jijini kwa gari kila asubuhi, ziliitisha kura zao wenyewe, na huko wengi wakaikataa. Serikali iliirudisha tozo kwa kudumu Agosti 2007, ikaamua mapato yake yaende kwenye barabara za mkoa mzima, pamoja na za wale waliokataa.