Ongeza kifaa, ukinzani unapungua

Vijana ninaowafundisha ufundi umeme hapa Wete, Pemba, hawana shida na mfuatano, yaani vifaa vilivyoungwa kimoja baada ya kingine kwenye njia moja: ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyozuia umeme kupita, unajumlishwa, basi. Kwenye sambamba, kila kifaa na njia yake, ndipo wanaponikatalia. Vipi kifaa kiongezeke, ukinzani upungue?

Chukua mkesha wa Sikukuu. Eksitensheni moja, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 inayonyoosha kanzu za nyumba nzima. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, na katika sambamba, kama ilivyo kwenye eksitensheni, kila kifaa hupata volti hizo zote. Kinachogawanyika ni mkondo, yaani umeme unaopita, unaopimwa kwa ampea. Birika linavuta 2,000 ÷ 230, yaani ampea 8.7, pasi inavuta 4.35. Waya wa eksitensheni unabeba zote mbili, ampea 13 na ushei.

Ukinzani tunaupata kwa kanuni ya Georg Ohm ya mwaka 1827: volti gawa kwa ampea. Birika omu 26.4, pasi omu 52.9. Usizijumlishe hivyo zilivyo. Gawa 1 kwa kila moja, ndipo ujumlishe: 0.0378 + 0.0189 = 0.0567. Hapa wengi huweka kalamu chini, na swali zima linapotea. Bado hujamaliza: 1 ÷ 0.0567 = 17.6. Hizo ndizo omu zako, na ni chache kuliko za birika peke yake. Lazima iwe hivyo, maana umeupa mkondo njia ya pili ya kupita. Jibu likizidi ukinzani ulio mdogo kuliko wote, umekosea, rudia.

Sasa mtu achomeke na jiko la wati 1,500 hapo hapo. Ukinzani unashuka hadi omu 11.8, mkondo unapanda hadi ampea 19.6. Mkondo umezidi mara 1.5, lakini joto ndani ya waya limezidi mara 2.25, kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo.

Na msitegemee fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi ya eksitensheni ikate palepale. Kwa ampea 19.6 inaweza kustahamili muda mrefu, huku plastiki ya waya inalainika, hasa waya ukiwa umekunjwa chini ya mkeka. Ikiwa fyuzi yenyewe imeshatolewa ikatiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, hakuna kitakachokata. Jamani, jiko lipeni soketi yake ukutani, na fyuzi ikiungua nunueni nyingine ya kipimo kile kile.