Fungu la 518 na watu wasiohesabiwa Ashburn

Mpwa wangu anaishi Woodbridge, jimbo la Virginia. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Huku kila ukigeuka wanajenga kituo cha data. Nisomee nini nipate kazi humo?" Kituo cha data ni jengo lililojaa seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kuchakata data. Mimi nachambua takwimu za ajira, na hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hilo. Nikamjibu kwamba lazima kwanza aijue namba 518.

Marekani, Kanada na Meksiko wanapanga biashara zao kwa mfumo mmoja wa namba, na 518 ndilo fungu la uchakataji wa data na uhifadhi wa tovuti. Mwaka 2022 mfumo huo ulifanyiwa marekebisho, baadhi ya biashara za intaneti zikahamishwa mafungu. Ukiona mstari wa ajira umeruka mwaka huo, usiharakishe kushangilia; huenda watu ni wale wale, wamebadilishiwa safu tu. Hesabu yenyewe ya ajira za Marekani inatokana na taarifa ambazo waajiri huwasilisha kila robo mwaka kwa ajili ya bima ya kukosa ajira, na inagusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote nchini. Naiamini. Ila kila mfanyakazi anahesabiwa chini ya shughuli kuu ya aliyemwajiri, hata kama jengo anamoshinda ni la biashara nyingine kabisa.

Asubuhi moja nilisimama nje ya kituo kimoja Ashburn, kaunti ya Loudoun, saa kumi na moja na nusu, giza bado halijatoka. Jengo halina dirisha hata moja, na mapangaboi ya kupozea yanavuma mpaka unayasikia kifuani. Kwenye kibanda cha geti alikuwapo mlinzi na chupa yake ya chai. Huyo ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, kwa hiyo yuko fungu la 561, la huduma za kusaidia biashara nyingine. Wakaingia mafundi umeme wanne, kofia ngumu mikononi: 238, wakandarasi. Fundi wa mitambo ya ubaridi, naye 238. Mama wa usafi akatoka zamu ya usiku, 561. Nilikaa karibu saa nzima kabla sijamwona kijana anasukuma kitoroli chenye seva mbili, na huyo peke yake ndiye niliyeweza kudhani yuko 518.

Kamati ya ukaguzi ya Bunge la Virginia, JLARC, ilitoa ripoti Desemba 2024 ambayo namshauri kila mtu wa huku aisome. Jengo la kawaida la futi za mraba 250,000 likishaanza kazi linaajiri watu wapatao 50 tu, na karibu nusu yao ni wa wakandarasi. Wakati wa kulijenga, shughuli zikipamba moto, eneo hilo hilo linakuwa na watu hadi 1,500. Ripoti inakadiria kwamba sekta nzima inachangia ajira 74,000 jimboni kwa mwaka, ukijumlisha na zile zinazozaliwa kwenye biashara nyingine, na sehemu kubwa inatokana na ujenzi. Wanasiasa hupenda kuitaja 74,000 peke yake. Inaniumiza, kwa sababu mwananchi wa kaunti ndogo anayeisikia anajenga picha ya kiwanda chenye foleni ya wafanyakazi getini.

Hata sheria inajua ukweli huu. Ili kampuni isamehewe kodi ya mauzo kwenye vifaa vyake, kwa kawaida inatakiwa kuwekeza angalau dola milioni 150 na kuleta ajira mpya 50 zenye mshahara wa mara moja na nusu ya wastani wa eneo. Gawanya mwenyewe: dola milioni 3 kwa ajira moja.

Kinachowaweka mafundi kazini miaka yote hii ni kwamba jengo moja likiisha, jingine linachimbiwa msingi ng'ambo ya barabara. Siku ujenzi ukipungua, fungu la 238 litaanguka kabla ya 518 kutikisika. Na breki inaweza kuwa umeme: mwaka 2022 kampuni ya umeme ya Dominion Energy iliwaambia wateja wa mashariki mwa Loudoun kwamba njia za kusafirisha umeme zimezidiwa, na baadhi ya vituo vipya vingesubiri.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aache kwanza kozi ya kuandika programu aliyokuwa anaifikiria, asomee umeme au ubaridi. Chuo cha jamii cha Northern Virginia kina mafunzo ya uendeshaji wa vituo vya data, tena kina kampasi hapo hapo Woodbridge. Seva ikiharibika, nyingine inachukua mzigo wake. Umeme wa gridi ukikatika, betri zina dakika chache tu za kushika mpaka jenereta ziwake, na lazima awepo mtu anayejua la kufanya zisipowaka. Amenijibu kwamba anakwenda Jumatatu. Nimemsisitizia aulize watapewa saa ngapi za kushika jenereta na swichi kubwa kwa mikono yao wenyewe.