Umbo lililofungwa: kwa nini programu inakataa kuweka sakafu kwenye ramani ya nyumba yako

Umechora kuta nne, kwa macho zimekutana vizuri, unabonyeza katikati ili chumba kipate sakafu, na hakuna kinachotokea. Au sakafu inakuja, lakini inavuka hadi chumba cha pili. Au mlango unaonekana kwenye ramani, na ukitazama nyumba kwa sura ya pande tatu unakuta nyuma yake kuna ukuta mzima. Kila tatizo linaonekana geni, lakini mengi yana asili moja: umbo halijafungwa, au limefungwa mahali pasipofaa.

Umbo lililofungwa ni mzunguko wa mistari ambamo kila mstari unaanzia palepale ulipoishia uliotangulia, na wa mwisho unarudi kwenye nukta ya kwanza. Neno la kutiliwa mkazo ni hilo "palepale". Wewe unaona picha. Programu inahifadhi namba. Kila ncha ya ukuta kwake ni namba mbili, au tatu ukihesabu na kimo, na ncha mbili zimekutana pale tu namba zao zinapolingana. Pengo la milimita mbili huwezi kuliona ukiwa umeiangalia nyumba nzima kwenye skrini, lakini limo. Ni kama birika la chooni: ufa uwe mwembamba kama unywele, asubuhi utalikuta tupu.

Programu hazifanani katika jambo hili. Sweet Home 3D, ambayo ni ya bure na ndiyo ninayowashauri wengi waanze nayo, inaujua ukuta kama ukuta: una unene, una kimo, una ncha mbili. Chumba ni kitu kingine kabisa kinachowekwa baadaye. Ukishika kifaa cha vyumba na kubonyeza mara mbili ndani ya eneo, programu inatafuta kuta zinazolizunguka, na zikiwa hazijakamilika haipati cha kujaza. SketchUp haijui ukuta ni nini. Inajua mistari na nyuso. Mistari ikifunga mzunguko, na yote ikalala kwenye bapa moja, uso unajitokeza wenyewe. Sharti moja likikosekana, unabaki na mistari mitupu.

Hapa Lamu tatizo hili linatuuma kuliko pengine, na sababu ni nyumba zenyewe. Kuta za mji wa kale, mji ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa nusu mita ni jambo la kawaida. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa: mita 2.5 hadi 3 hivi, basi. Tena kuta zimefuata usita, yaani kichochoro, na nyumba ya jirani, kwa hiyo kona iliyonyooka kabisa ni ya kutafuta. Sasa fungua Sweet Home 3D uanze kuchora bila kubadilisha chochote. Ukuta wa kwanza utakuja na unene wa sentimita 7.5. Programu imetegemea nyumba ya aina nyingine.

Tuanze na unene, maana makosa yake ni ya kimyakimya. Sweet Home 3D huchora ukuta kwa kufuata mstari wa katikati yake. Chukua msana, yaani kimoja cha vyumba hivyo virefu na vyembamba, wenye upana wa mita 2.60 kwa ndani, kuta za sentimita 50 pande zote mbili. Ukiandika 2.60 kama urefu wa ukuta wa upande mfupi, kila ukuta mrefu utakula sentimita 25 kuelekea ndani, na chumba chako kitabaki na mita 2.10. Umbo limefungwa, sakafu imeingia, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini ramani ile ndiyo itakayotumiwa kuhesabu boriti, na nusu mita kwenye boriti si jambo dogo. Urefu sahihi wa kuandika ni 3.10: yaani upana wa ndani pamoja na nusu ya unene wa kila upande. Kama ukuta mmoja una sentimita 50 na wa pili 60, inakuwa 2.60 na 0.25 na 0.30, jumla 3.15. Ukishaweka chumba, pima ndani kwa mstari wa vipimo, kutoka uso wa ukuta hadi uso wa ukuta, ulinganishe na tepu. Nakusihi usiipite hatua hii hata ukiwa na haraka.

Halafu pembe. Sweet Home 3D ina usumaku unaovuta ukuta kwenye ncha za kuta nyingine, na pia unaivuta pembe kwa hatua za nyuzi 15. Usumaku wa ncha ni rafiki yako. Ndio unaofunga umbo. Usumaku wa pembe, kwenye nyumba ya mawe ya Lamu, unaweza kukupotosha: ukuta ambao kweli uko nyuzi 88 utavutwa hadi 90 bila kukuuliza. Unaendelea hivyo kona ya pili, ya tatu, na ukifika ya nne ukuta wa mwisho haukutani na wa kwanza. Hapo wengi huvuta ncha kwa kipanya hadi macho yaridhike, na pengo limezaliwa. Badala ya kuvuta, bonyeza Enter wakati ukuta unachorwa, uandike urefu na pembe kwa namba. Kama kuta mbili zimekaribiana bila kushikana, zichague zote mbili utumie amri ya kuunganisha kuta. Zilizoshikana utazijua: kwenye kona hakuna mstari unaozitenga, zimekuwa kipande kimoja.

Lakini pembe yenyewe utaijuaje? Hapa kosa haliko kwenye kompyuta, liko kwenye kupima. Pande nne za chumba hazitoshi kueleza umbo lake. Chumba chenye pande za mita 5.60, 2.55, 5.52 na 2.48 kinaweza kuegemea kushoto au kulia, na vipimo vyote vinne vikabaki vilevile. Kinachokishikilia ni kipimo cha tano: mshazari, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Mshazari unakigawa chumba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu ikishajulikana pande zake tatu haina pa kuyumba. Ukipata nafasi pima mishazari yote miwili, wa pili uwe wa kuhakikisha. Pima kila kitu kwenye kimo kimoja, kwa sababu ukuta wa chokaa wa zamani mara nyingi huwa mnene zaidi chini kuliko juu.

Kwenye SketchUp, pembetatu hizo huchorwa kwa maduara mawili: moja kutoka kona ya kwanza lenye kipenyo-nusu cha upande, la pili kutoka kona nyingine lenye kipenyo-nusu cha mshazari, na yanapokatana ndiyo kona unayoitafuta. Kuna mtego hapo ambao watu wengi hawauoni. Duara la SketchUp si duara kamili. Ni vipande 24 vilivyonyooka. Kwa kipenyo-nusu cha mita 5.60, katikati ya kipande kimoja mstari unakuwa umeingia ndani karibu sentimita 5. Kona yako inaweza kukosea kiasi hicho, nawe umepima kwa uangalifu wote. Ukishika kifaa cha duara, andika 360s kabla ya kuchora. Vipande vikiwa 360 kosa linashuka chini ya milimita moja.

Na uso ukikataa kujaa kwenye SketchUp, usianze kufutafuta mistari. Chora mstari mmoja wa mshazari ndani ya umbo, kona kwa kona, kisha utazame. Nusu moja ikijaa na nyingine ikabaki tupu, pengo liko kwenye ile iliyo tupu. Igawe tena, na tena, hadi ulifikie. Nusu zote mbili zikijaa, mzunguko wako ulikuwa umefungwa tangu mwanzo, ila kona moja imepanda au imeshuka. Nukta tatu hukaa kwenye bapa moja siku zote, ya nne ndiyo inayoweza kukengeuka. Bonyeza kila kona kwa kifaa cha maandishi kikupe namba zake, uangalie ile ya kimo. Aghalabu utakuta ncha iliyoshikwa kwa bahati mbaya kwenye kizingiti au kwenye ukingo wa ngazi. Kwenye mipangilio ya vipimo zima pia ule mnato wa urefu, kwa sababu unakadiria kila mstari kwa hatua fulani na kuuacha pungufu kidogo ya pale ulipotakiwa kufika.

Ule mlango wenye ukuta nyuma yake una kisa cha upande wa pili, yaani kufunga mara mbili. Vyumba viwili vinavyopakana vina ukuta mmoja kati yao, lakini mchoraji anayemaliza chumba kimoja kabla ya kuanza kingine huuchora mara mbili, ukuta juu ya ukuta. Mlango unaweza kutoboa mmoja, wa pili ukabaki mzima. Dalili nyingine ni uso unaometameta ukiizungusha nyumba, rangi mbili zikigombania mahali pamoja. Uchague ukuta huo, uufute mara moja. Ukiona bado upo, basi zilikuwa kuta mbili.

Limebaki suala la kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba ulio wazi juu. Kiwanda kimezungukwa na kuta pande zote, kwa hiyo kwa programu ni umbo lililofungwa kama chumba chochote, na kitapewa sakafu na dari pia. Nyumba yetu inategemea mwanga na hewa vinavyoshukia hapo kuingia msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), hadi ndani. Ukikiacha kimefunikwa, picha utakayomwonyesha mwenye nyumba itakuwa na giza ambalo halipo, na anaweza kuamua kutoboa madirisha yasiyohitajika kwenye ukuta wa miaka mingi. Kwenye Sweet Home 3D fungua sifa za chumba hicho uondoe alama ya kuonyesha dari. Kisha panda ghorofa ya juu na ukague hapo pia, kwa sababu sakafu ya juu ikichorwa kama mstatili mmoja inafunika kiwanda kilekile ulichokifungua chini. Ichore kwa vipande vinavyokizunguka, kila kipande kikishika ncha za kuta za pale juu, na katikati pabaki wazi.