"Ni damu ya baba yake": dhana kuhusu maadili zinazonichosha

Kwenye ushauri nasaha hii nimeisikia mpaka basi: mzazi hata hajakaa vizuri anasema huyu mtoto hana huruma, ni damu ya baba yake, tutafanyaje sasa. Siku hizi wengine wanakuja na namba kabisa, eti sayansi imesema nusu ya tabia ni jeni.

Namba ipo kweli. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti za mapacha za miaka kama 50, jozi zaidi ya milioni 14, wastani wa urithi ukatoka asilimia 49. Ila jamani, hiyo asilimia inaeleza ni kiasi gani cha TOFAUTI kati ya watu wa kundi fulani, kwenye mazingira yao ya wakati huo, kinatokana na jeni, haisemi kwamba nusu ya mwanao ni jeni na nusu malezi, kwa mtu mmoja hilo swali halina hata jibu. Wala haisemi kitu hakibadiliki. Urefu wa mwili urithi wake unafika kama asilimia 80, lakini wanawake wa Korea Kusini wameongezeka sentimita 20 hivi ndani ya miaka 100, na si jeni zilizobadilika, ni lishe na afya. Sasa huruma ya mtoto wa miaka saba nani kakwambia imeshafungwa? Mzazi akishaamini ni damu anaacha kufundisha, hapo ndipo ninapokasirika. Mpe mtoto kazi ya kweli ya kumhudumia mtu, mdogo wake au mgonjwa, na akuone na wewe ukiifanya, mihadhara punguza.

Wengine wanasema mtoto anazaliwa mtupu, utamjaza utakavyo. Hapana. Mwaka 2006 wanasaikolojia Warneken na Tomasello walionyesha watoto wa miezi 18 wanamwokotea mtu wasiyemjua kitu kilichomdondoka, bila zawadi wala sifa.

Halafu "kila jamii na maadili yake, hakuna kinachofanana". Tafiti za mwanasaikolojia Shalom Schwartz kwenye nchi nyingi zinaonyesha kwamba kati ya mambo ambayo watu wanayathamini, kuwajali watu wa karibu kunakuwa juu kabisa na kutaka madaraka kunakuwa chini, karibu kote, na watu wa nchi moja wanatofautiana wao kwa wao kuliko nchi na nchi.

Na hii ya "ni asili, basi ni sahihi", mwanafalsafa David Hume alishaionya tangu 1740, kwamba huwezi kutoka kwenye kilichopo ukaruka moja kwa moja kwenye kinachopaswa. Wivu nao ni wa asili, mbona hakuna anayemfundisha mtoto auendeleze.