Chungu kidogo hakinenepeshi shina la bonsai

Wengi huamini kwamba ukiuweka mche wa mti wa elmu ya Kichina kwenye chungu kidogo cha bonsai (mti unaokuzwa chunguni ili ubaki mdogo) na kuupogoa kila mara, shina litanenepa lenyewe miaka ikipita. Sivyo. Chungu kidogo hubana mizizi, na kupogoa huondoa majani, kwa hiyo shina hunenepa polepole mno. Unene hutokana na majani: sukari yanayoitengeneza ndiyo inayojenga tabaka jipya la mbao chini ya gome kila msimu.

Anayetaka shina nene aupande mche ardhini au kwenye chombo kikubwa, kisha auache ukue kwa nguvu zake zote. Tawi moja la chini liachwe lirefuke bila kuguswa, hata likiudhi macho, kwa sababu hunenepesha sehemu ya shina iliyo chini yake. Likishamaliza kazi, hukatwa. Mti huu (Ulmus parvifolia) huvumilia sana kukatwa na huchipua upya hata kwenye shina lililokomaa. Ndiyo maana naupendekeza kwa anayeanza.

Chungu kidogo kije baadaye, unene ukishatosha, ili kupunguza kasi ya ukuaji wakati unapotengeneza vitawi vyembamba.