Kompyuta imekuwa nzito ghafla? Usikimbilie kupiga Windows

Hapa Dodoma, mtu akilalamika kwamba kompyuta yake ya nyumbani imekuwa nzito, ushauri wa kwanza anaopewa na jirani au shemeji ni uleule: "Peleka ikapigwe Windows," yaani ifutwe na kuwekewa Windows upya. Mimi ni fundi wa kompyuta mjini hapa, na ushauri huo unaniumiza, kwa sababu mara nyingi unafuta vitu vya watu bila kugusa kilichoharibika. Kompyuta inayochoka kwa umri hupungua kasi polepole, mwaka hadi mwaka. Lakini ile iliyokuwa nzima Jumapili na Jumatano ikakaa dakika kumi kabla ya kuwaka, kuna kitu kimebadilika katikati ya wiki, na kitu hicho kinatafutika.

Ndiyo maana naanza na maswali kabla ya bisibisi. Umeme ulikatika mashine ikiwa inafanya kazi? Imeanguka? Kuna flashi iliyotoka steshenari ikachomekwa? Mtoto ameweka gemu? Umenunua chaja nyingine? Majibu ya maswali hayo yananiokolea muda mwingi, na mara nyingi mteja hulitaja jambo lenyewe kama kitu kidogo tu, akiwa tayari anaelekea mlangoni.

Hatua ya kwanza unaweza kuifanya mwenyewe: chagua Restart, usichague Shut down. Tangu Windows 8, ukizima kwa Shut down, kompyuta nyingi huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka kesho yake, kwa hiyo tatizo la jana linaamka pamoja nawe. Restart huanza upya kabisa. Kuna watu "wanaizima kila siku" lakini haijaanza upya kwa miezi.

Ikibaki nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda kwenye ukurasa wa Performance, utazame prosesa (ubongo wa kompyuta), ramu (kumbukumbu ya muda ya kazi unazofungua) na diski (ghala la mafaili yako). Uzito una mahali unapotokea, na hapo ndipo panapoonekana.

Nianze na diski, kwa sababu ndiyo yenye hatari kubwa. Ukiona imekaa kwenye asilimia 100 muda wote ilhali kasi ya kusoma ni ndogo, hata haifiki MB 1 kwa sekunde, angalia namba ya muda wa kujibu. Diski ya kuzunguka iliyo nzima hujibu ndani ya makumi ya milisekunde. Ikifika mamia, na zaidi ikifika maelfu, hiyo diski inahangaika kusoma sehemu zilizoharibika, inarudia na kurudia. Wakati mwingine hata sikio linatosha: tik, tik, kimya, tik.

Mama mmoja wa Ipagala aliniletea laptopu ya namna hiyo, ndani yake kuna picha za harusi ya binti yake ambazo hazikuwa mahali pengine popote. "Mwanangu, wamesema ipigwe Windows tu," akaniambia. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa za afya ambazo diski yenyewe huzitunza. Rangi ikawa ya njano, na mstari wa sekta zinazosubiri kuhamishwa, yaani vipande vya diski vinavyoshindwa kusomeka, haukuwa sifuri. "Mama, tukipiga Windows sasa hivi picha zinaweza zisirudi. Tuzihamishe kwanza, mengine baadaye." Kupiga Windows ni kufuta na kuandika GB nyingi kwa mkupuo, kwa diski inayokufa, hiyo inaweza kuwa kazi yake ya mwisho. Picha zilitoka, polepole sana, folda moja baada ya nyingine. Kisha tukaweka SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Nasisitiza mfuatano huo: data kwanza, matengenezo baadaye.

Hata diski nzima ina mipaka yake. Diski C, ile inayobeba Windows, ikibaki na nafasi finyu, Windows inakosa pa kuwekea mafaili yake ya muda. Video za WhatsApp na folda ya Downloads ndizo za kwanza kukagua.

Sasa vumbi. Wilaya zetu hizi hukaa bila mvua ya maana kuanzia Mei hadi Novemba, na upepo wa katikati ya mwaka unaingiza udongo hata kwenye kabati lililofungwa. Wanaoishi pembezoni, Nzuguni au Iyumbu kwa mfano, ambako ujenzi haujakoma, wanalijua hilo kila wakifuta meza. Feni ya laptopu inavuta hewa hiyohiyo. Kati ya feni na yale mabati membamba ya kupozea, vumbi hushikana na nyuzi za nguo likawa utando mnene kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti tena. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na wewe unachoona ni kompyuta iliyokuwa nyepesi asubuhi ikiwa nzito baada ya nusu saa ya kazi. Dalili yake ni hiyo: inaanza vizuri, inachoka ikipata moto, ikipumzika inarudi. Feni inalia sana, au haisikiki kabisa kwa sababu imekufa.

Tafadhali usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi. Hewa ya kompresa ile ina nguvu kupita kiasi na mara nyingi hubeba unyevu na mafuta. Ukipuliza kwa kifaa kidogo, zima mashine, chomoa chaja, na uizuie feni kwa kijiti isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi isiyo yake bearingi zinaharibika. Utando ulioshikana hautoki kwa kupuliza kutoka nje; mashine ifunguliwe, na pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye mabati ya kupozea, ikiwa imekauka ibadilishwe hapohapo. Kwa mazingira yetu, mashine inayotumika kila siku naifungua kila kiangazi. Na isiwekwe juu ya godoro wala kochi, maana matundu ya hewa yapo chini.

Chaja inasahaulika kuliko vyote, nami naipa uzito mkubwa. Chaja za laptopu za Dell, kwa mfano, nyingi zina pini nyembamba katikati ya mdomo, na kupitia hapo kompyuta huitambua chaja na uwezo wake. Isipoitambua, hutoa ujumbe wakati wa kuwaka kwamba aina ya adapta haijulikani na mashine itafanya kazi polepole. Watu wanabonyeza kitufe chochote na kuendelea. Baada ya hapo ukitazama prosesa kwenye Task Manager, kasi imegandia chini ya GHz 1 hata kama kazi ni nyingi. Hakuna Windows mpya itakayoliondoa hilo. Jaribu kuchomoa chaja na kutumia betri: ikichangamka, umepata jibu. Unaponunua chaja, soma maandishi ya ile ya awali na uzidishe volti kwa ampia. Ya volti 19.5 na ampia 3.34 ni wati 65. Ukipewa ya wati 45 kwa sababu tu mdomo wake unaingia, utayaona matokeo.

Mengine ni mepesi. Ramu ya GB 4 ikijaa kwa sababu ya kurasa nyingi za brauza, mfumo huanza kutumia diski badala yake. Funga kurasa, au ongeza ramu, lakini fundi ahakikishe aina yake kwanza, maana DDR3 na DDR4 haziingiliani. Antivairasi mbili zikiwekwa pamoja zinagombania kila faili. Sasisho za Windows zikipata bando baada ya muda mrefu huikalia mashine saa kadhaa; ziache zimalize. Prosesa ikiwa juu wakati hujafungua chochote, hasa baada ya kuweka programu iliyonakiliwa bila leseni, shuku kirusi kinachochimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Na kama kurasa za intaneti tu ndizo zinazochelewa ila Word inafunguka vizuri, tatizo ni mtandao, kompyuta haina kosa.

Nimesikia pia watu wakiambiwa mashine zao zimekuwa nzito kwa sababu Windows 10 imefungwa. Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo ni suala zito la usalama, lakini halipunguzi kasi.

Kama utaamua kuja kwa fundi, yeyote yule, fungua ukurasa wa Performance wakati uzito unaendelea na uupige picha kwa simu, prosesa, ramu na diski kila kimoja peke yake. Njoo na chaja unayoitumia nyumbani, usiazime ya jirani. Mashine nyingi zikifika mezani kwangu zimeshapoa njiani, zinafanya kazi vizuri, na bila picha hizo tunalazimika kuisubiri iugue tena.